Magoti yako na magoti ya imbwa: dawa ya artrozi inapimwa namna gani?

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu usiku kisha watoto kulala,

Mutu akitumika miaka mingi chini ya udongo, magoti yake yanaanza kusema. Asubuhi unaamka, unaweka miguu chini, na magoti yanakataa. Unayasugua, unajinyoosha, na mbele ya nusu saa kuisha yanakubali kukubeba. Mangaribi, kisha zamu, yanauma tena. Ukishuka ngazi unashika chuma kwa mikono miwili. Ukichuchumaa kufunga kiatu unasikia kra-kra, sawa vile mutu anatembea juu ya changarawe. Wewe unasema: «Ni uzee.» Jirani anasema: «Ni baridi ya shimo.» Mama mukwe anasema neno lingine ambalo hatutaliandika hapa.

Waganga wanauita ugonjwa huu artrozi. Kwetu watu wengi wanasema tu rumatismu, na katika jina hilo moja wanatia magonjwa kumi.

Sasa kuna jambo ambalo limetusukuma kuandika. Mara kwa mara habari inapita katika redio, ao katika telefone ya kijana wa nyumba: «Wenye elimu wamepata dawa, imezuia artrozi katika panya!» Kesho yake mutu mumoja anauliza kwenye lupitalo sababu gani hawamupi dawa hiyo. Mwingine haulizi. Anaenda sokoni, analipa feza ya posho, na anachomwa sindano ndani ya goti na mutu asiyemujua. Juu ya hiyo tunataka kuwaeleza leo namna dawa ya artrozi inapimwa katika wanyama, kitu gani wanyama wanaweza kutufundisha, na kitu gani hawawezi. Maneno ni marefu kidogo. Kaa vizuri, nyoosha muguu.

NDANI YA GOTI

Siku mama anapika kuku, ukimaliza kula paja, tazama ncha ya mufupa. Utaona kofia nyeupe, yenye kuteleza, ambayo watoto wanapenda kutafuna. Ile ndiyo gegedu. Wewe pia unayo ndani ya magoti, na unene wake ni milimetre 2 ao 3 hivi. Sehemu kubwa ya gegedu ni maji. Yanayobaki ni nyuzi ngumu, pamoja na vitu vinavyoshika maji sawasawa na sponji. Ukikanyaga, maji yanakamuliwa kidogo. Ukiinua muguu, yanarudi.

Gegedu haina mishipa ya damu. Tena haina mishipa ya kusikia maumivu. Hapo kilio chetu kinaanza: ikikwaruzwa haiponi upesi kama ngozi, na ikianza kuharibika haikupashi habari. Siku unaposikia maumivu, ugonjwa umekwisha kugusa mufupa ulio chini yake, na ngozi ya ndani ya kiungo, ambazo zina mishipa.

Watu wanasema: «Goti limekosa grisi, chuma kinakula chuma.» Hiyo ni nusu ya ukweli. Ndani ya gegedu munakaa chembe hai, ndogo sana, ambazo zinajenga na kubomoa, sawa fundi anayetoa matofali mabovu na kuweka mapya. Katika artrozi, chembe hizo zinasukumwa na uzito, na kuumia, na uvimbe, halafu zinabomoa kuliko zinavyojenga. Zinatoa vitu vinavyokata nyuzi. Tuviite mikasi midogo. Mufupa nao unakuwa mugumu pale chini, na pembeni unaota miiba. Kama ingekuwa kulika kwa chuma tu, hakuna dawa ingeweza kusaidia: ungebadilisha piesi, basi. Lakini kwa kuwa kuna mikasi, wenye elimu wanatumaini kwamba siku moja watapata dawa ya kuifunga.

Artrozi inashika watu wa kazi zote, wanawake kama wanaume, na umri unaiongeza. Lakini wachimbaji wana haki ya kulalamika zaidi. Mwaka 1952, waganga wawili wa Uingereza, Kellgren na Lawrence, walitangaza uchunguzi wao juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Walipiga picha za radio, na walikuta magoti ya wachimbaji yameharibika kuliko ya watu wa ofisi. Mwaka 1957 walitengeneza daraja za kupima artrozi katika picha, kutoka 0 hata 4, ambazo waganga wanazitumia bado; labda umeona namba hiyo katika karatasi yako. Na serikali ya Uingereza ilikubali lini kwamba artrozi ya goti ni ugonjwa wa kazi kwa wachimbaji wa makaa waliotumika chini miaka 10 ao zaidi? Mwaka 2009. Hesabu mwenyewe: miaka 57.

SABABU GANI WANYAMA?

Artrozi ya mutu inaenda polepole, miaka 10, miaka 20. Tena hakuna mutu atakayekubali wakate kipande cha goti lake kila mwezi ili watazame dawa inafanya nini. Munyama mudogo anaishi muda mufupi, na ugonjwa wake unaenda mbio. Kwa wiki chache ao miezi michache unaweza kuona mwanzo na mwisho.

Kuna wanyama ambao artrozi inawashika yenyewe, bila mutu kuwagusa. Kobaye ni mumoja wao, yule munyama mudogo asiye na mukia ambaye jamaa nyingi za Kivu wanafuga nyumbani kwa kula. Kuna aina moja ya kobaye wa labo, wazito na wenye kukaa tu, ambao magoti yao yanaharibika wakiwa bado na miezi michache. Bendele na Hulman walieleza jambo hilo mwaka 1988. Ukimunyima kobaye chakula kidogo ili asinenepe, magoti yake yanaharibika polepole zaidi. Kumbuka neno hilo, tutarudi kwake.

Njia ya pili ni kuleta ugonjwa kwa kisu. Mashabiki wa mupira wanajua ile kamba ya ndani ya goti, ambayo ikikatika muchezaji anatolewa uwanjani kwa machela, na musimu wake umeisha. Mwaka 1973 Pond na Nuki walieleza namna ya kukata kamba hiyo katika goti la imbwa. Goti linakuwa legelege, imbwa anaendelea kutembea, na artrozi inakuja. Kwa miaka mingi «imbwa wa Pond na Nuki» walikuwa mufano mukubwa wa ugonjwa huu. Leo panya wadogo wamechukua nafasi yao mara nyingi, kwa sababu ni rahisi kuwafuga. Tangu mwaka 2007, Glasson na wenzake walipoieleza vizuri, watu wengi wanakata katika panya kile kikamba kidogo kinachoshika ule mutoto wa goti ulio kati ya mifupa miwili.

Kuna na njia ya tatu: kuchoma sumu ndani ya goti la panya, chembe za gegedu zinakufa kwa siku chache. Inasaidia kupima dawa ya maumivu. Lakini kusema kweli, goti lililouawa kwa sumu katika wiki moja halifanani sana na goti la baba aliyepiga magoti juu ya mawe miaka 20.

Kisha kuleta ugonjwa, wanagawanya wanyama kwa kura. Nusu wanapata dawa, nusu wanapata maji ao komprime tupu. Muda ukiisha, wanyama wanauawa, na magoti yao yanakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi. Wanatia rangi nyekundu. Gegedu nzima inakunywa rangi na kuwa nyekundu. Gegedu iliyougua inabaki rangi hafifu, yenye nyufa. Mutu anatazama kwa mikroskopi na kuandika namba: ndogo kwa goti zima, kubwa kwa goti lililoharibika. Jambo la maana sana: mutu huyo hapashwi kujua kipande kipi kinatoka kwa munyama wa dawa. Akijua, jicho lake litamudanganya, hata akiwa mutu mwema. Wewe pia, ukinunua viatu kwa bei kali, unaviona vizuri kuliko vya jirani.

Wengine watauliza: si vibaya kuumiza munyama asiye na kosa? Ni swali la haki. Tangu mwaka 1959, Russell na Burch wa Uingereza walifundisha kanuni tatu: tumia kitu kingine kama kinaweza kutosha, tumia wanyama wachache, na punguza maumivu yao. Nchi nyingi zimetia mambo hayo katika sheria. Lakini kuna uovu mwingine ambao watu hawausemi sana: kuua wanyama katika mutihani uliopangwa vibaya, ambao hauwezi kumufundisha mutu kitu.

DAWA AMBAYO MUNAIJUA

Doksisiklini, wengi wenu mumekwisha kuinywa. Ni dawa ya kuua mikrobi; waganga wanaitoa kwa magonjwa ya kifua, kwa kolera, na kwa mengine. Wachunguzi wa Indiana, katika Marekani, waliona kwamba mbali na kuua mikrobi, inafunga mingine ya ile mikasi. Walikata kamba za magoti ya imbwa na kuwapa doksisiklini mara moja, bila kungoja. Mwaka 1992 walitangaza matokeo: imbwa wasiopata dawa, gegedu yao ilitoboka hata mufupani, imbwa wa dawa, gegedu yao ilibaki karibu nzima.

Habari nzuri, si hivyo? Watu hawa walifanya jambo la heshima: hawakukimbilia kuuza. Walichukua wanawake 431 wenye uzito mwingi, wa miaka 45 hata 64, wenye artrozi ya goti moja. Nusu walikunywa doksisiklini mara mbili kwa siku, nusu komprime tupu, kwa miezi 30. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Katika goti lenye ugonjwa, nafasi kati ya mifupa (ndipo gegedu inakaa) ilipungua milimetre 0.45 kwa wale wa komprime tupu, na milimetre 0.30 kwa wale wa dawa. Basi ilisaidia? Kwenye picha, ndiyo, kidogo. Lakini maumivu hayakupungua kuliko ya wale wengine. Na goti la pili, lile ambalo lilikuwa bado zima, dawa haikulilinda.

Tazama tofauti. Imbwa alipewa dawa siku goti lake lilipovunjwa. Mama yule alipewa dawa kisha miaka mingi ya ugonjwa. Tena ukinywa dawa ya mikrobi miezi 30, unachoma tumbo, ngozi inaungua upesi juani, na mikrobi ya mwili wako inajifunza kuishinda dawa. Siku utakapoihitaji kwa kifua, haitakusaidia. Ndiyo sababu munganga hakupi doksisiklini kwa magoti. Usiinunue.

SINDANO YA GOTI

Hapa tunataka mutusikilize sana, kwa sababu hii ni hatari iliyo karibu nasi.

Kortizoni ikichomwa ndani ya goti inazima uvimbe, na mutu anatembea vizuri wiki kadhaa. Mwaka 1989, kule Montréal katika Kanada, Pelletier na Martel-Pelletier waliitumia kwa imbwa wa Pond na Nuki. Gegedu ya imbwa waliopata kortizoni iliharibika kidogo kuliko ya wengine, na miiba ya mufupa ilikuwa midogo. Mutu akisoma hapo tu atasema: basi, tuchome sindano kila mara!

Miaka 28 ilipita. Mwaka 2017, McAlindon na wenzake wa Boston walitangaza mutihani wa watu 140 wenye artrozi ya goti na uvimbe. Kila wiki 12, kwa miaka miwili, nusu walichomwa kortizoni ndani ya goti, nusu maji ya chumvi. Walipima unene wa gegedu kwa masini ya kupiga picha za ndani ya mwili. Wale wa maji ya chumvi walipoteza milimetre 0.10. Wale wa kortizoni walipoteza milimetre 0.21, ni kusema mara mbili. Na maumivu? Kisha miaka miwili, hapakuwa tofauti kati yao.

Hatusemi kwamba munganga akikuchoma sindano moja amekosa. Goti likivimba sana, sindano moja, ndani ya chumba safi, kwa mukono unaojua kazi, inaweza kukusaidia kupita wakati mubaya. Lakini yule anayekuchoma kila mwezi nyuma ya soko, anakuuzia miguu ya leo kwa feza ya miguu ya kesho. Na sindano yake ikiingiza mikrobi ndani ya kiungo, gegedu inaweza kuisha kwa siku chache tu. Tena muangalie komprime zile zisizo na jina, zinazofungwa katika plastiki na kuitwa «dawa ya mifupa». Nyingine zinachanganywa na kortizoni. Ndiyo sababu mutu anaona nafuu upesi na uso wake unavimba kama mwezi.

MIKASI ILIYOFUNGWA

Kisa cha tatu kinaumiza roho kuliko vyote, kwa sababu kazi ilifanywa vizuri toka mwanzo.

Mwaka 2005, makundi mawili ya wachunguzi, moja la Marekani, moja la Australia, yalitangaza jambo moja wakati mumoja. Walizalisha panya wasio na mukasi mumoja, ambao jina lake ni ADAMTS5. Wakaharibu magoti ya panya hao. Gegedu yao ilibaki nzuri kuliko ya panya wengine. Makundi mawili, mbali moja na lingine, jibu moja: hiyo ni alama ya ukweli. Basi mwizi amejulikana jina.

Kampani Galapagos ya Ubelgiji, pamoja na Servier ya Ufaransa, zilitengeneza komprime ya kufunga mukasi ule. Katika panya ilifanya kazi. Wakaijaribu kwa wagonjwa 932 katika nchi 12, muda wa mwaka mumoja, kwa vipimo vitatu mbalimbali. Mwaka 2020 jibu likatoka: gegedu ya watu wa dawa ilipungua sawasawa na ya watu wa komprime tupu.

Sababu gani? Labda katika mutu kuna mikasi mingine inayoendelea kukata. Labda mwaka mumoja hautoshi. Labda magoti yalikuwa yameharibika sana tayari. Lakini fikiri pia juu ya tofauti ya munyama na mutu. Panya wa labo ana uzito wa gramu 25 ao 30, anakanyaga kwa miguu mine, na gegedu ya goti lake ni nyembamba sana, mistari michache tu ya chembe. Ni kijana, mara nyingi dume, na goti lake limeharibiwa siku moja kwa kisu. Sisi tuna kilo 70, kilo 90, miguu miwili, na goti lililoharibika kidogo kidogo tangu ujana. Kuna na wagonjwa ambao ugonjwa wao ulianzia katika mufupa, wengine katika uvimbe, wengine kisha kuanguka kwenye mupira. Dawa moja haiwezi kufungua kufuli hizo zote.

Isidhaniwe kwamba watu wameacha. Kuna sindano inaitwa sprifermini, inayosukuma chembe za gegedu kujenga. Ilianzia katika magoti ya panya. Mwaka 2019 matokeo ya watu 549 yalitangazwa: kwa kipimo kikubwa, gegedu iliongezeka kisha miaka miwili. Iliongezeka milimetre 0.05, pungufu ya unene wa unywele, na maumivu hayakupungua zaidi ya yale ya watu wa sindano tupu. Ni mwanzo.

Na kuna habari ya tanezumabu, ambayo kila mutu anayemeza komprime ya maumivu mbele ya zamu apaswa kuijua. Hii haikutengenezwa kwa kulinda gegedu. Ilifunga njia ya maumivu, na iliifunga vizuri kabisa. Lakini magoti na nyonga za wagonjwa fulani ziliharibika kwa mbio ya kushangaza, hata wakahitaji kuwekewa viungo vya chuma. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilisimamisha mitihani. Baadaye ilianza tena kwa uangalifu. Mwaka 2021 washauri wake walipiga kura: 19 walikataa, mumoja alikubali. Kampani zikaiacha. Wengine wanafikiri kwamba mutu asiyesikia maumivu anakanyaga goti lake bila huruma.

Komprime za diklofenaki na ibuprofeni si tanezumabu, ni kweli. Lakini ukizimeza kila siku bila munganga, zinatoboa tumbo, zinaumiza figo na kupandisha damu. Na kapita wako hajui kama unatumika na goti bovu.

TUFANYE NINI SASA?

Hata leo hakuna dawa iliyopewa ruhusa ya kusimamisha artrozi isiendelee. Mutu akikuuzia moja, muulize jina lake, na uliza munganga.

Lakini mulisikia habari ya kobaye aliyepunguziwa chakula. Katika jambo hilo, munyama na mutu wamekubaliana. Kule Framingham, katika Marekani, walifuata watu miaka mingi. Mwaka 1992 walitangaza kwamba wanawake waliopunguza uzito kilo 5 hivi kwa miaka 10 walipunguza kwa nusu hatari ya kupata artrozi ya goti yenye maumivu. Na mwaka 2005 Messier na wenzake walipima hatua za watu wazito wenye artrozi: kila kilo moja inayotoka mwilini inapunguza kilo 4 juu ya goti, kwa kila hatua. Fikiria hatua ngapi unapiga toka mulango wa nyumba hata shimoni. Tunajua kwamba kwetu tumbo kubwa ni heshima. Lakini goti halijui heshima, linajua kilo. Tonge moja la bukari kidogo, mboga zaidi, pombe kidogo: hiyo inaanzia jikoni, na mama anaijua kuliko sisi.

Musuli wa paja ndio unaobeba sehemu ya muzigo wa goti. Kaa juu ya kiti, nyoosha muguu mumoja mbele, hesabu hata tano, shusha polepole. Mara kumi kwa kila muguu, asubuhi na mangaribi. Likiuma kidogo si vibaya. Likivimba kesho yake, punguza. Usilale kitandani siku nyingi ukidhani unapumzisha goti, maana musuli unakauka na goti linabaki peke yake.

Kazini, pedi za magoti hazikuwekwa magazini kwa kupamba. Omba zako, na zikichakaa omba nyingine. Badilisha namna ya kukaa: kisha dakika chache juu ya magoti, simama, geuka, mupe mwenzako nafasi. Usiruke toka juu ya kamio ao masini; shuka uso ukitazama ngazi. Na ukigonga ao kukunja goti, liandikishe siku ile ile, hata kama unaona aibu, kwa sababu goti lililoumia leo ndilo litakalopata artrozi kwa urahisi kisha miaka 15. Pasipo karatasi, nani atajua kwamba lilianzia kazini?

Goti jekundu, lenye moto, pamoja na homa, si artrozi. Usingoje zamu kuisha, enda lupitalo siku hiyo hiyo. Na lile linalofungwa ghafla, lisilotaka kunyooka wala kukunjika, liende vilevile.

Mama, neno la mwisho ni lako. Pedi za bwana zikirudi zimejaa matope, usizianike juani pamoja na kaptula. Zioshe kwa maji baridi na sabuni, ukamue polepole, uzitundike kivulini. Sponji iliyokauka juani inakuwa ngumu sawa ubao, na kisha mwezi mumoja baba atakuwa anapiga magoti tena juu ya jiwe.